Aimé Césaire, mwana wa mashamba ya miwa aliyepeleka Katanga jukwaani

Leo ukurasa wetu unawaletea maisha ya mtu mmoja ambaye watoto wanasikia jina lake masomoni, katika buku za Kifaransa. Ni Aimé Césaire, wa kisiwa cha Martinique. Masomoni wanaambiwa kwamba alikuwa mshairi, na ni kweli. Lakini kuna kitu ambacho mara mingi wanakiruka: huyu mtu wa mbali njo aliandika mchezo mkubwa juu ya Lumumba, na ndani yake kuna Katanga, kuna wenye mabanki wanaopiga hesabu ya mali ya udongo wetu, kuna gereza, kuna kifo. Tena hakuifanya kazi ile peke yake. Aliifanya pamoja na Mfaransa mmoja, fundi wa teatri, jina lake Jean-Marie Serreau. Mmoja mweusi, mwingine mweupe; mmoja mtu wa kalamu na siasa, mwingine mtu wa mbao, taa na jukwaa. Tutaeleza maisha yote ya Césaire, lakini tutakaa zaidi pale hawa wawili waliposhika kazi moja.

Césaire alizaliwa mwezi wa sita 1913 kule Basse-Pointe, upande wa kaskazini wa Martinique. Ule mji uliishi kwa miwa sawa vile Kolwezi inaishi kwa shaba na kobalti. Asubuhi watu wanaenda shambani, jioni wanarudi, na kila kitu ni cha mwenye shamba. Utumwa ulikuwa umemalizika kule mwaka 1848, lakini mashamba makubwa yalibaki mikononi mwa jamaa za mabwana wa zamani. Mtu aliyekulia kambini anaelewa bila kuelezwa sana: unajua nyumba ya mkubwa iko wapi, unajua nani anapiga kengele, unajua pia kwamba mtoto wako akikosa masomo atachukua panga ya baba yake.

Baba yake Césaire hakukata miwa. Alikuwa karani wa shamba, kisha akaingia kazi ya serikali, upande wa kodi. Mama yake alishona nguo. Watoto walikuwa wengi, franga zilikuwa kidogo. Aliyemfundisha kusoma ni nkambo yake, mama Eugénie, ambaye alijua kusoma na kuandika wakati ambapo wanawake wengi wa rika lake hawakujua. Wengine wangesema hiyo ni habari ndogo. Sisi tunaona kwamba bila yule nkambo, hakuna yote yanayofuata.

Familia ikahamia Fort-de-France, mji mkubwa wa kisiwa, ili watoto wasome. Mwaka 1931 kijana alipata burse, akapanda mashua kwenda Paris. Kule alikutana na Léopold Sédar Senghor, kijana wa Senegali, ambaye baadaye atakuwa raisi wa inchi yake. Pamoja na Léon-Gontran Damas wa Guyane, ambaye Césaire alimjua tangu masomo ya Fort-de-France, walianza kusema kwa sauti kitu ambacho wakati ule kilikuwa kama tusi: kwamba kuwa mweusi si aibu, na kwamba Afrika ina mambo ya kufundisha. Neno waliloshika ni négritude. Limebishaniwa sana tangu wakati ule, na wasomi wangali wanalibishania. Tuwaachie kazi hiyo.

Kitu kimoja kinatupendeza katika miaka ile ya Paris. Buku yake ya kwanza, Cahier d'un retour au pays natal, ilianza mbali kabisa na Martinique. Mwaka 1935 alikuwa na rafiki mwanafunzi, Petar Guberina, mwana wa Kroatia, ambaye alimualika kwao kwa likizo, kando ya bahari. Kule Césaire aliona kisiwa kidogo kinachoitwa Martinska. Jina lile likamkumbusha kwao, na akashika kalamu. Ni kusema, tangu mwanzo huyu mtu aliandika vizuri pale alipokuwa na mwenzake wa kabila lingine kando yake. Shairi lilitoka mwaka 1939, na mwaka ule ule akarudi Martinique kuwa mwalimu.

Alirudi na bibi yake, Suzanne, ambaye naye alikuwa mwandishi. Wakati wa vita walitoa gazeti moja, Tropiques, chini ya macho makali ya serikali iliyoshirikiana na Hitler. Na hapa tufungue mabano, juu watu wanamsahau Suzanne. Mwaka 1952 aliandika mchezo wake mwenyewe juu ya mwisho wa utumwa, akitumia hadithi ya Lafcadio Hearn, mwandishi aliyezaliwa Ugiriki, akakaa Marekani na Martinique, kisha akafia Japani. Vijana wa Martinique waliucheza. Maandishi yake yamepotea. Nyumba ile ilikuwa na waandishi wa michezo wawili, na dunia imehifadhi karatasi za mmoja tu.

Mwaka 1945 watu wa Fort-de-France walimchagua Césaire kuwa meya wao. Alikaa katika kiti kile mpaka 2001, miaka 56. Alikuwa pia mjumbe wa bunge kule Paris mpaka 1993. Mwaka 1946 njo yeye alisimama kuomba kwamba Martinique na makoloni mengine ya zamani yageuzwe kuwa sehemu kamili za Ufaransa, ili mfanyakazi wa kule apate haki sawa na mfanyakazi wa Ufaransa. Haki zilichelewa, na wengi walimlaumu kwa kuomba vile pahali pa kuomba uhuru. Alikuwa katika chama cha Wakomunisti. Mwaka 1956 akatoka na kuwaandikia barua ya kuwaacha, juu aliona kwamba wanataka kuwapangia watu weusi njia na mwendo. Miaka miwili nyuma yake akaunda chama chake mwenyewe. Yote hayo yangeweza kujaza ukurasa mzima, lakini sisi tunataka kufika kwenye teatri.

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa Et les chiens se taisaient, juu ya mtumwa aliyeasi na anayekufa. Mwaka 1946 ulitoka ndani ya kitabu cha mashairi, na tuseme ukweli, ulikuwa shairi refu zaidi kuliko mchezo. Kuusoma ni vizuri, kuucheza ni taabu. Akatokea Mjerumani, Janheinz Jahn, mtu aliyependa sana maandishi ya watu weusi na aliyeyageuza katika Kijerumani. Jahn na Césaire wakaanza kuandikiana, wakatengeneza upya mpangilio, kukata hapa, kuongeza pale. Mwaka 1956 ukatoka katika sura inayofaa jukwaa. Kazi hiyo njo ilimuonyesha Césaire kwamba mchezo ni kama nyumba: mwenye kuchora ni mmoja, lakini bila fundi wa kujenga hakuna atakayelala ndani.

Fundi huyo alikuja miaka kidogo nyuma. Jean-Marie Serreau alizaliwa Poitiers mwaka 1915. Alisomea ujenzi wa nyumba, kisha akaacha na kuingia teatri. Nyuma ya vita alikuwa kati ya watu wa kwanza kule Ufaransa kucheza michezo ya Bertolt Brecht. Mwaka 1952 alifungua ukumbi mdogo Paris, Théâtre de Babylone, na ndani ya ukumbi ule, mwezi wa kwanza 1953, njo watu waliona kwa mara ya kwanza mchezo wa Samuel Beckett juu ya wanaume wawili wanaomngojea mtu asiyekuja. Leo mchezo ule unajulikana dunia nzima. Wakati ule, wengine walitoka katikati wakinung'unika. Ukumbi haukudumu, franga zilikosekana. Serreau alikuwa mtu wa namna ile, anajaribu vitu vipya, vinyago, picha zinazotupwa kwa mwangaza, kisha anaangalia mfuko na kuukuta mutupu.

Lakini alichoka na michezo ya Paris inayowahusu watu wa Paris tu. Alitaka kusikia Kifaransa kinachosemwa na watu waliokipata kwa fimbo. Kwanza alishikana na Kateb Yacine, mwandishi wa Algeria. Ilikuwa wakati wa vita vya Algeria, na kucheza kule Paris mchezo wa Mualgeria unaoonyesha watu waliouawa na wakoloni ilikuwa kutafuta taabu. Kwa hiyo mwaka 1958 Serreau aliupeleka mchezo Le Cadavre encerclé kwenye jukwaa la Brussels. Tunakumbusha kwamba mwaka ule ule, Brussels ile ile ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, na Wabelgiji waliweka kijiji cha Wakongo nyuma ya ua ili wageni wawaangalie. Mji mmoja, mwaka mmoja, mambo mawili.

Césaire na Serreau walikutana juu ya habari ya Haiti. Césaire alikuwa amekaa kule miezi kadhaa mwaka 1944, na alibaki na mawazo ya Henri Christophe, mtu aliyezaliwa mtumwa, akawa jenerali katika vita vya uhuru, kisha mfalme mwaka 1811. Christophe alitaka kuinua watu wake haraka haraka. Aliwalazimisha kupandisha mawe juu ya mlima ili kujenga ngome kubwa, ambayo ingali imesimama mpaka leo. Watu walichoka, wakafa, wakamkimbia. Mwaka 1820 alijiua. Mchezo La Tragédie du roi Christophe ulitoka kama buku mwaka 1963, wakati ambapo inchi mingi za Afrika zilikuwa zimepata uhuru juzi tu. Kila msomaji alielewa kwamba Césaire anawasemesha maraisi wapya: unaweza kuwapenda watu wako na bado ukawavunja mgongo.

Nani angeucheza? Serreau alikubali, lakini kule Paris hakupata mlango. Kulihitajika wachezaji weusi wengi, na kumbi za wakati ule zilizoea kumpa mweusi kazi ya boyi anayeleta sahani. Mchezo ukaonekana kwa mara ya kwanza Salzburg, inchi ya Austria, mwezi wa nane 1964, katika mji ambao watu wanakwenda kusikiliza Mozart. Mfalme Christophe alichezwa na Douta Seck, Msenegali mwenye sauti nzito. Wengine walitoka Afrika na visiwa vya Antilles, kila mmoja na Kifaransa chake. Mwaka uliofuata mlango wa Paris ukafunguka, katika ukumbi wa Odéon. Na mwaka 1966 walikwenda Dakar, kwenye sikukuu kubwa ya sanaa za watu weusi iliyoandaliwa na Senghor, sasa raisi. Marafiki wa burse walikutana tena, mmoja katika kiti cha serikali, mwingine akiangalia mfalme wake wa Haiti anaanguka mbele ya viongozi wa Afrika.

Wasomaji watauliza: kuandika pamoja kulikuwa namna gani? Césaire alikuwa na mji wa kuongoza na bunge la kuhudhuria. Alipokuja Paris kwa mambo ya bunge, alipita kwenye mazoezi. Pale aliona kwamba maneno mengine yaliyo mazuri kwa karatasi yanamkaba mchezaji. Serreau anaonyesha shimo, Césaire anakwenda kulijaza. Ndiyo sababu michezo yake ina sura mbalimbali: Christophe ya 1963 na ile ya 1970 hazifanani kabisa. Wengine wanasema mwandishi mkubwa hapaswi kukubali kusahihishwa na mtu wa jukwaa. Sisi hatukubali. Mtu aliyefanya kazi chini ya udongo anajua kwamba plani ya enjenia inabadilika ikikutana na mwamba.

Sasa tufike kwetu. Lumumba aliuawa pamoja na Mpolo na Okito tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, pembeni ya Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Miaka mitano tu nyuma yake, mwaka 1966, Césaire alitoa Une saison au Congo. Mitano! Wengi wa waliohusika walikuwa hai, wengine madarakani. Kwa hiyo alibadilisha majina kidogo, lakini mtoto wa hapa anaweza kuyafungua bila ufunguo: Mokutu, Kala-Lubu, Tzumbi. Lumumba alibaki Lumumba. Hammarskjöld wa ONU alibaki Hammarskjöld.

Mchezo unaanza kwa bia. Lumumba yuko katika mtaa wa watu weusi wa Léopoldville, anauza Polar, anawasemesha watu, na maaskari wanamwangalia bila kujua kama anasifu bia ao anasifu kitu kingine. Na kweli Lumumba aliwahi kufanya kazi ile ya kutangaza bia. Kisha linakuja gereza, ambamo anapigwa. Wazee wa Likasi wanajua kwamba Lumumba mwenyewe alifungwa pale, wakati mji ukiitwa Jadotville, mwezi wa kwanza 1960, na kutoka pale njo walimtoa haraka kumpeleka Brussels kwenye meza ya mazungumzo. Kisha watu wa mitaa wanaulizana juu ya dipenda, itafika na nini, na motokari, na mashua, ao na ndege, na kama Bwana Kitoko ataileta mwenyewe. Msomaji mwenye umri atacheka, juu watu waliulizana vile kweli.

Lakini sehemu ambayo inafaa isomwe katika kila kambi ni ile ya wenye mabanki. Césaire anawaleta jukwaani wakiwa na hofu: uhuru unakuja, mali itakuwaje? Tena anawasemesha kwa mashairi yaliyopimwa, ya mtindo wa zamani wa wafalme wa Ufaransa, watu wanene wanaoimba vizuri juu ya wizi. Mwanzo wanalia. Mwisho wanapata dawa: wanasiasa wapewe wanachotamani, na Katanga itengwe, juu pale njo udongo unatoa mali. Sisi tunajua yaliyofuata. Tarehe 11 mwezi wa saba 1960 Katanga ilijitenga, na kodi ya Union Minière ikaenda kwa serikali ya Tshombe. Mchezo haumwonyeshi mchimbaji ndani ya shimo. Hilo tunaliona kama upungufu wake. Unaonyesha meza ambapo kazi ya mchimbaji inagawanywa bila yeye kuitwa.

Kuna pia mpiga sanza, ile ala ambayo kwetu wengi wanaiita likembe. Anapita kati ya mambo, anaimba, anawaonya watu kwa mafumbo, na serikali zote zinazopita hazimpendi. Watu wa teatri wanasema ni mtindo wa kisasa, wa kuvunja hadithi ili mtazamaji afikiri, kama Brecht alivyofundisha. Inawezekana. Lakini yeyote aliyekaa katika matanga ya kwetu amemwona mtu huyu. Tunafikiri njo pale Mmartinique na Mfaransa walikutana kweli: mmoja alileta mwimbaji wa kijiji, mwingine alijua pahali pa kumsimamisha.

Si vyote vitampendeza mtu wa Katanga. Yule anayemchoma Lumumba kwa mkono wake katika mchezo, Césaire alimwita M'siri. Alimlenga mjukuu, waziri wa wakati ule, lakini alichukua jina la mfalme wa Bunkeya mwenyewe. Kwa watu wa Bunkeya jina lile lina heshima yake na maumivu yake, juu mfalme yule aliuawa na watu wa Leopold mwaka 1891. Césaire alihitaji jina lenye uzito, akalichukua. Mwandishi aliyekulia hapa angefikiri mara mbili.

Kikundi cha kwanza kilichoucheza ni Théâtre Vivant cha Brussels, chini ya Rudi Barnet, mwezi wa tatu 1966. Yaani wana wa Ubelgiji wenyewe walisimama katika mji mkubwa wa mkoloni wa zamani kucheza kifo cha Lumumba. Mwaka 1967 Serreau aliuchukua na kuupeleka Venice, kisha Paris mwezi wa kumi, katika ukumbi wa Théâtre de l'Est parisien, mtaa wa wafanyakazi. Mwanzo wa mwaka ule ule, Mobutu alikuwa ameichukua Union Minière na kuibadilisha jina. Mambo yalikuwa yakienda mbio kuliko kalamu.

Na kalamu ikajaribu kufuata. Mwaka 1966 Mobutu alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa. Mtu aliyemkamata sasa anamjengea sifa! Césaire alifungua tena mchezo wake. Katika sura ya 1973, Mokutu anakuja mbele ya watu, anamsifu marehemu, umati unapiga kelele za furaha kupita kiasi alichotaka, naye anaamuru bunduki zilie. Mpiga sanza anaanguka. Hapa nyumbani kucheza mwisho ule wakati wa Mobutu kungekuwa kutafuta jela. Watu wengi wa kwetu waliendelea kuimba sifa za chama bila kujua kwamba mbali kule kuna mtu aliyeona mchezo wote. Na mwaka 2022, jino la Lumumba liliporudi kutoka Ubelgiji na kupitishwa Shilatembo, pahali alipouawa, wengi waliolia kando ya barabara hawakuwa wamesoma hata ukurasa mmoja wa Césaire.

Kazi ya mwisho ya hawa wawili ilianza kwa ombi la Serreau. Alitaka Césaire atengeneze upya La Tempête ya Shakespeare kwa wachezaji weusi. Ile ni hadithi ya Prospero, Mzungu mwenye elimu na uchawi, aliyefika kisiwani na kumfanya mwenyeji, Caliban, kuwa mtumwa wake. Césaire alianza kwa kugeuza tu, na alipomaliza aliona kwamba Shakespeare amebaki kidogo. Aliuita Une tempête. Mwanzoni, mbele ya watazamaji, wachezaji wanajichagulia vinyago, na yeyote anaweza kuwa bwana ao mtumwa. Eshu, mungu wa Wayoruba, anaingia katikati ya miungu ya Wazungu na kuharibu karamu yao. Caliban anakataa jina alilopewa na bwana wake, anataka aitwe X. Na msomaji wa ukurasa huu wa Kiswahili akae vizuri: neno la kwanza linalotoka katika kinywa cha Caliban anapoingia jukwaani ni la lugha yetu. Ni uhuru. Mmartinique, katika mchezo wa Mwingereza, uliopangwa na Mfaransa, alichukua neno la Kiswahili ili mtumwa awe na la kwanza la kusema, na bwana hakulielewa. Wakati ule neno lile lilikuwa limeshapigiwa kelele Kenya na Tanganyika, na likafika hadi masikio ya mbali.

Shakespeare alimrudisha Prospero kwao. Césaire alimbakiza kisiwani, mzee, amechoka, hawezi kumwacha Caliban, na Caliban hawezi kumsahau. Walioona wakubwa wa kampuni walivyobaki ao kurudi nyuma ya 1960 watafikiri wenyewe. Mchezo ulionekana mara ya kwanza Hammamet, inchi ya Tunisia, mwaka 1969, katika jukwaa la wazi karibu na bahari.

Serreau alikufa mwezi wa tano 1973, na umri wa miaka 58. Tangu pale Césaire hakuandika tena mchezo wowote, na aliishi miaka 35 zaidi! Alirudia mashairi, buku yake moi, laminaire ilitoka 1982. Waliomchunguza wanatoa sababu mingi: kazi ya mji, uzee, uchovu wa kuona uhuru wa Afrika unavyogeuka. Sisi tunatazama tarehe tu. Michezo mitatu alifanya na Serreau, katika miaka isiyofika kumi, kisha kimya.

Hakuacha teatri moja kwa moja. Mwaka 1976 mji wake ulifungua SERMAC, kazi ya utamaduni ambapo watoto wa mitaa ya maskini walifundishwa ngoma, kuchora na kucheza jukwaani. Binti yake Ina akawa mwandishi wa michezo, na mwingine, Michèle, akashika uongozi wa teatri. Mwaka 1991 Comédie-Française, nyumba ya zamani ya teatri ya Ufaransa, ilimkubali mfalme Christophe ndani yake, na aliyeitwa kupanga mchezo ni Idrissa Ouédraogo, mtu wa sinema wa Burkina Faso. Mwaka 2013, miaka mia tangu Césaire azaliwe, Une saison au Congo ilichezwa tena karibu na Lyon, na kule London kwa Kiingereza.

Mwenyewe hakuiona siku ile. Alikufa tarehe 17 mwezi wa ine 2008 Fort-de-France, na umri wa miaka 94. Ufaransa ilimfanyia maziko ya taifa, lakini yalifanyika kwao, na raisi wa Ufaransa njo alisafiri kumfuata. Mwaka 2011 jina lake liliandikwa katika Panthéon ya Paris, pale wanapowekwa wakubwa wa Ufaransa. Jina tu. Mwili ulibaki Martinique.